Mume wangu ananiita "Mama Pita", na Desemba anataka tusafiri tena

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 54, naishi Nyegezi hapa Mwanza, nauza vitenge mjini. Mume wangu, nimwite Baba Kabula ingawa si jina lake, ana miaka 61 na alikuwa anaendesha gari kabla hatujaoana. Hakuwahi kupata ajali hadi Agosti mwaka jana, na hiyo ajali ndiyo inanifanya nikuandikie.

Binti yetu ameolewa Rwanda, upande wa Kibungo. Agosti tulikwenda kuwatembelea wakwe, na ilikuwa mara yetu ya kwanza kutoka nje ya nchi na gari letu wenyewe. Tuliondoka alfajiri. Pale Kigongo, ambapo miaka yote tumezoea kusubiri kivuko hadi chai inaisha kwenye chupa, tulipita juu ya daraja jipya kwa dakika chache tu, Baba Kabula akawa anapiga mluzi. Sengerema, Geita, Biharamulo. Kadiri tulivyoikaribia Benaco malori yaliongezeka. Karatasi zote zilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, na bima ya nje, ile Kadi ya Njano, alikuwa ameshaikata.

Rusumo, pale mpakani, tulikawia sana. Ukishavuka Mto Kagera unahama, unaendesha kulia. Gari letu usukani uko kulia, kama magari yote ya huku, kwa hiyo yeye akawa amekaa upande wa mtaro na mimi upande wa katikati ya barabara. Kulisema ni jambo dogo. Lakini ukae wewe pale kiti cha kushoto, magari yanayokuja yanakupita karibu na bega, na mwenzako akiwa nyuma ya lori haoni kitu ila turubai. Tukapatana: akitaka kupita atauliza "Vipi?", mimi nachungulia, najibu "Bado" au "Pita". Tuliyapita malori kama sita hivi kwa mtindo huo. Akanisifu, akasema nimekuwa utingo wake.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Simu ilisema saa kumi na moja na nusu, nikajua bado tuna muda wa kutosha wa mwanga. Tulikuwa nyuma ya lori linapanda kilima polepole, moshi unatuingia ndani. Akauliza, "Vipi?" Nikatazama, barabara nyeupe. Nikasema, "Pita."

Tulipofika ubavuni mwa lori, kijana mmoja akatokea kwenye njia ya vumbi mkono wa kushoto, anakuja upande wetu na baiskeli imebeba mikungu ya ndizi pande zote mbili. Hakuwa na kosa, alikuwa upande wake, pembeni kabisa. Baba Kabula akalivuta gari kushoto. Kushoto ndiko kijana alikokuwa anakimbilia. Kioo cha pembeni kiligonga mkungu, yeye na baiskeli wakaingia mtaroni. Alivunjika mfupa karibu na kifundo cha mkono. Ndizi zilitapakaa hadi katikati ya lami, na watoto waliokuja kutazama hawakuokota hata moja.

Tulisimama. Polisi walifika, wakapima barabara kwa tepu, wakachukua leseni na bima. Kijana akatibiwa, mambo ya sheria yakaenda kwa sheria, hapo sina neno. Neno langu ni hili. Mkwe wetu alikuja kututafsiria. Mama mzazi wa yule kijana, bibi mzee, aliuliza kitu kwa Kinyarwanda. Mkwe akasema anauliza ni nani aliyekuwa anaendesha. Baba Kabula akajibu, "Mwambie mimi nilikuwa naendesha, lakini huyu ndiye aliyesema pita." Mkwe akanitazama, akameza mate, hakutafsiri. Shangazi, huyo ni mkwe. Kwetu hata sahani moja siwezi kula naye.

Tuliporudi, mume wangu akaigeuza kuwa hadithi. Aliisimulia kwenye jumuiya, akaisimulia msibani, akaisimulia kwa mafundi. Mara ya kwanza nilicheka na wengine. Sasa majirani wananiita Mama Pita, hata watoto wao. Gari alilinyoosha na kulipiga rangi, lakini kile kioo cha kushoto hajakibadilisha. Nikikaa mbele naiona sura yangu ina ufa katikati. Siku hizi ndani ya gari sisemi kitu. Hata pale Buhongwa akiuliza, "Vipi upande huo?" nanyamaza, acha atazame mwenyewe.

Kabula anatarajia kujifungua Desemba na lazima niende kumlea. Baba Kabula anataka anipeleke kwa gari. Nikamwambia nitapanda basi. Akasema nikipanda basi namdhalilisha mbele ya mkwe, ni kama natangaza kwamba hajui kuendesha. Kabula hajui chochote kuhusu haya ya ndani. Najua mimi ndiye niliyesababisha, nilisema pita. Lakini je, nipande tena kiti kile? Na kama kosa ni langu, nitalibeba mpaka lini?

Wa Kiti cha Kushoto, Mwanza

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza kama barua ya safari. Niliporudia ndipo nikaona kwamba safari yenyewe ina suluhisho nyingi, tutazitazama, lakini kinachokukaba ni neno moja ulilolisema juu ya kilima na mtu mmoja aliyelirudia mbele ya watu usiopaswa kuaibika mbele yao. Unauliza upande gari au basi. Nadhani unauliza pia kama ukipanda tena utakuwa mke wake au shahidi wa mashtaka yako mwenyewe.

Niruhusu kwanza nilivute lile "mimi ndiye niliyesababisha". Umeliandika haraka, kama mtu anayelipa deni ili wadai waondoke mlangoni. Tulitazame polepole.

Ulikaa mahali ambapo hakuna aliyekufundisha kukaa. Dereva mwenye usukani wa kulia, katika nchi inayoendesha kulia, amekaa upande usiofaa kwa kazi ya kuovateki. Ili aone mbele ya lori anatakiwa kulitoa gari karibu lote. Kwa hiyo anaazima macho ya jirani yake. Lakini kuna vitu haviazimiki. Wewe uliona barabara ni nyeupe. Hukujua mguu wake umekandamiza kiasi gani, gari limepakia uzito gani, wala litachukua sekunde ngapi kulimaliza lile lori kwenye mlima. Hayo yanajulikana na anayeendesha peke yake. "Pita" yako ilikuwa habari, "barabara iko wazi sasa hivi". Kuamua kupita, kilimani, jioni, ilikuwa kazi nyingine, na hiyo ilifanywa na mikono mingine.

Tena tazameni lugha yenu mliyopatana. Ilikuwa na maneno mawili tu, "bado" na "pita". Hapakuwa na neno la tatu. Kijana wa ndizi alipotokea, ungesema nini? Hamkuwa mmekubaliana juu ya neno la kumrudisha dereva nyuma ya lori. Utingo wa kweli wa malori anayo maneno mengi, anapiga ubao, anapiga mluzi, na bado likitokea la kutokea, anayeulizwa leseni si utingo. Hata wewe umeandika: polisi walichukua leseni. Leseni ya nani?

Halafu kuna kule kuvuta kushoto. Hapa simsemi vibaya mumeo, maana mkono wake ulifanya ulichofundishwa kwa zaidi ya miaka 30: ukiona hatari, kimbilia kushoto, ndiko iliko pembeni ya barabara ya nyumbani. Ng'ambo ya Kagera pembeni yako iko kulia, na kushoto ndiko wanakokuja wengine. Kichwa chake kilikuwa kimeshahama, nina hakika alikuwa anajikumbusha kila baada ya kilomita kadhaa. Mkono ulikuwa bado uko Nyegezi. Uswidi walipohama kutoka kushoto kwenda kulia mwaka 1967, nchi nzima ilielimishwa kabla ya siku yenyewe, tena wote walihama pamoja asubuhi moja. Baba Kabula alifundishwa na daraja moja tu, mchana, akiwa na njaa.

(Na tukisema ukweli, hiyo ya kushoto na kulia hakuichagua babu yetu yeyote. Wakati wa Wajerumani huku na Rwanda tulikuwa koloni moja. Baada ya Vita vya Kwanza Waingereza wakachukua Tanganyika, Wabelgiji wakachukua Rwanda na Burundi, kila mmoja akaleta upande wake wa barabara. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na hadi leo darajani tunahamahama.)

Jambo jingine dogo ambalo naliona kubwa: saa. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu yako ilibadilika yenyewe pale mpakani, ikakwambia saa kumi na moja na nusu, na wewe ukapima mwanga kwa kipimo cha Mwanza, ambako jua linakaa hadi karibu saa moja. Kule saa kumi na mbili limezama. Ulidhani mna saa nzima na zaidi, kumbe mlikuwa na nusu saa, jua liko chini na kivuli cha lori kimelala barabarani. Kijana anayetoka kwenye njia ya vumbi saa hiyo angeonwa na nani?

Siandiki haya ili nikutoe wewe kosani nimtie yeye. Ninachokuuliza ni kama kosa hili lina umbo la kubebwa na mtu mmoja. Wewe umelibeba lote, na yeye, kwa kuangalia hadithi zake, anajitahidi sana kulitua. Hilo la pili ndilo linanifanya nimfikirie.

Mtu aliyeendesha maisha yake yote bila ajali, akamwangusha mtoto wa watu mtaroni ugenini, mbele ya mkewe, siku ya kwenda kwa wakwe. Anaisimulia kwenye jumuiya. Anaisimulia msibani! Nani anasimulia ajali yake msibani kwa kucheka? Inawezekana ni mzaha wa kikatili, sikatai, na jina la Mama Pita ni la kikatili hata kama wanaoliita hawajui. Inawezekana pia ni mtu anayeirudia habari hadi aipate namna ambayo haimuumi. Na kile kioo? Gari limenyooshwa, limepigwa rangi, kioo kimebaki na ufa. Wewe unakisoma kama aibu amekuwekea usoni. Huenda. Lakini dereva naye hutazama kioo cha kushoto kila siku, akihama upande, akipisha daladala. Naye anauona ufa. Umewahi kumuuliza kwa nini hakibadilishi? Sikuona swali hilo kwenye barua.

Sikuona pia mahali ulipomwambia kwamba inakuuma. Umeniambia mimi. Kwake ulicheka mara ya kwanza, kisha ukanyamaza. Kwa mwanaume aliyezoea kicheko chako, ukimya wa Buhongwa anaweza kuusoma kama hasira, kama uchovu, kama umri. Huenda hajui kwamba maneno aliyosema mbele ya mkwe ndiyo yalikukata, na kwamba ajali yenyewe ungeweza kuisamehe wiki ileile.

Sasa hiyo Desemba.

Mkienda kwa gari, mnaweza kuifanya safari nyingine kabisa. Mkalale Ngara au Benaco, mvuke asubuhi mkiwa na nguvu. Mkubaliane kwamba ng'ambo hakuna kuovateki kabisa, mnakaa nyuma ya lori kama kondoo. Kule mwendo hauzidi 80 kwa saa na sehemu nyingi ni 60, tena kamera zipo, kwa hiyo mnachopoteza ni muda mchache na moshi puani. Msiangukie Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, maana hadi saa tano asubuhi watu wako kwenye kazi za jamii na magari yanasimamishwa. Hatari ya njia hii sioni kama ni barabara. Ni wewe kukaa pale kushoto ukiwa bubu. Jirani wa dereva aliyekosea neno anaweza kujirekebisha. Aliyeapa kutosema kitu, siku akiona baiskeli, atachelewa. Kama bado hujaweza kumjibu Buhongwa, sijui utamjibuje Kirehe, ng'ambo kule Rwanda.

Basi lina heshima yake. Utapanda la Ngara, utashuka, utatafuta gari la kukufikisha Rusumo, utavuka mpaka kwa miguu na begi lako, upande wa pili utapata gari la kwenda Kibungo. Watu wengi wanafanya hivyo na watoto mgongoni. Lakini ukienda peke yako, Kabula atauliza baba yuko wapi. Utamjibu nini, na mimba ya miezi tisa? Na Baba Kabula atabaki Nyegezi na hadithi yake, bila wewe kuwepo kumkatiza.

Kuna njia ya katikati: mnafika na gari hadi mpakani, mnaliacha upande wetu mahali salama, mkwe anakuja kuwachukua na gari lenye usukani wa kushoto. Kwa usalama naiona nzuri. Kwa moyo sijui. Utakaa saa nzima au zaidi na mkwe ndani ya gari dogo, yule yule aliyemeza mate. Mume wako atakaa nyuma kama abiria, na hilo kwake linaweza kuwa gumu kuliko basi. Dereva wa kukodi mnaweza kumpata pia, ila mtakuwa mmemlipa mtu awasikilize mkinyamaza.

Katika zote, nadhani kuna mazungumzo yanayotakiwa kutangulia nauli. Sisemi mkae kikao, wanaume wa umri wa Baba Kabula wakisikia kikao wanaanza kutafuta kofia. Mwambie siku mnatoka mahali, gari limesimama, taa zimezimwa, wewe ukiwa kiti chako hicho hicho. Unaweza kuanza na kioo. Unaweza kuanza na jina: "Naomba usiniite tena Mama Pita, na wengine wakiniita uwakataze wewe." Hilo ni ombi dogo, linajibika kwa ndiyo au hapana, na jibu lake litakuonyesha mengi kuhusu Desemba kuliko ninavyoweza kukuonyesha mimi. Anaweza kukataa. Anaweza kugeuza utani. Anaweza pia kukaa kimya muda mrefu hadi ukadhani hajasikia, na usiharakishe kufungua mlango.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza. Yule bibi. Aliuliza swali, na hadi leo hajajibiwa, kwa sababu mkwe wako, kwa adabu yake, alilimeza jibu. Desemba utakuwa kule wiki kadhaa unamlea Kabula, kijiji si mbali. Mkono wa kijana umeunga? Anaendesha tena baiskeli? Sikulazimishi kwenda. Huenda wao wameshasahau na nyie ndio mmebaki mtaroni. Lakini kama utakwenda, fikiria utakwenda na nani, na safari hii nani atajibu swali lake, na kama Baba Kabula akiwepo, umwachie nafasi ya kulijibu tena.

Kabula akijifungua uniandikie. Nataka kujua ni wa kike au wa kiume, na mlifika kwa usafiri gani.

Shangazi